Saa ya "Dinner": Historia ya Mlo Mkuu wa Waingereza

Katika maneno ya Kiingereza ambayo mgeni hudhani ameyaelewa tangu wiki ya kwanza ya masomo, ni machache yanayomtatiza baadaye kama neno "dinner". Vitabu vingi vya shule hulifasiri kuwa ni chakula cha jioni, na mwanafunzi hulikariri hivyo. Lakini akifika kaskazini mwa Uingereza, au akiingia katika shule ya msingi ya nchi hiyo, huwakuta watu wakiliita hivyo chakula cha saa sita au saa saba mchana, wala hawaoni kwamba wamekosea. Na kweli hawajakosea. "Dinner" ni jina la mlo mkuu wa siku, yaani ule wenye chakula kingi zaidi, kilichopikwa kikaiva na kupakuliwa mezani, na jina hilo limeshikamana na uzito wa mlo kuliko saa yake. Kilichohama ni saa: kati ya karne ya 16 na karne ya 19 mlo mkuu wa Waingereza wenye uwezo ulitoka saa tano asubuhi ukafika saa mbili usiku, ukipitia kila saa iliyomo katikati, huku wakulima na wafanyakazi wakibaki nao pale pale penye jua la utosi. Historia ya safari hiyo ni historia ya mishumaa, ya viwanda na ya ofisi, na zaidi ya yote ni historia ya watu waliotaka ijulikane kwamba hawalazimiki kulala mapema kwa kuwa hakuna kazi inayowaamsha mapema.

Asili ya neno lenyewe ingewashangaza wengi wanaolitumia. Linatokana na kitenzi cha Kilatini cha zama za mwisho chenye maana ya kuvunja mfungo, kilichojengwa juu ya neno "jejunus", yaani mtu asiyekula au mwenye njaa. Wafaransa wa zama za kati walikifupisha kikawa "disner", na Waingereza, ambao tangu uvamizi wa Wanormandi wa mwaka 1066 walikuwa chini ya watawala wa lugha hiyo, walilipokea neno mnamo mwisho wa karne ya 13. Kwa mizizi yake, basi, "dinner" ni kifungua kinywa, na fikra iliyomo ndani yake ni ile ile iliyomo katika neno futari, ambalo Waswahili walilipata kwa Waarabu. Waingereza walipohitaji jina la kile kidogo kinacholiwa mtu anapoamka, walitunga katika karne ya 15 neno la kwao, "breakfast", ambalo nalo maana yake ni kuvunja mfungo, na tangu hapo lugha yao imekuwa na vifungua kinywa viwili, kimoja cha asubuhi na kingine cha saa yoyote ambayo hadhi ya mlaji inaruhusu.

Mlo huo ulikuwa wa mapema kwa sababu maisha ya zama za kati yalifuata jua. Katika nyumba kubwa moto wa jikoni uliwashwa kabla ya mapambazuko ili nyama iwe imeiva kabla ya adhuhuri. Meza ilitandikwa saa nne au saa tano asubuhi, na mlo wa pili, mwepesi zaidi, ulioitwa "supper" kutokana na neno la Kifaransa lenye nasaba na supu, uliliwa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, watu wakapata kuosha vyombo na kulala kabla giza halijawalazimisha kuwasha taa. Watawa wa Kikristo walikuwa na ratiba yao, kwani siku za mfungo hawakula hadi wamalize sala ya saa ya tisa, iliyoitwa "nona". Na kwa kuwa Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, kama Waswahili wafanyavyo hadi leo, saa hiyo ya tisa ilikuwa ndiyo saa tisa alasiri ya Mswahili. Sala hiyo ilivutwa mapema kidogo kidogo, na njaa ya watawa imetajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyoivuta, hata kufikia karne ya 14 neno "noon" lililozaliwa nayo likawa limetua saa sita mchana, ambapo lipo mpaka sasa. Ajabu ni kwamba katika lugha moja jina la sala lilirudi nyuma saa tatu, na jina la mlo likaja kusonga mbele saa tisa.

Ushahidi mzuri wa karne ya 16 uliachwa na kasisi William Harrison katika maelezo yake ya nchi ya Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 1577 na tena mwaka 1587. Harrison anaeleza kwamba makabaila, watu wa familia bora na wanachuo walikuwa wakila mlo mkuu saa tano asubuhi na "supper" saa kumi na moja jioni au baada yake kidogo. Wafanyabiashara, hasa wa London, hawakula kabla ya saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Wakulima walikula adhuhuri, kisha tena saa moja au saa mbili usiku. Ama maskini kabisa, hao walikula wanapopata, na kwa hiyo mwandishi hakuona haja ya kuipangia saa milo yao. Orodha hii inastahili kusomwa taratibu, kwa kuwa inapindua dhana iliyozoeleka baadaye. Wakati wa Harrison mwenye cheo alikula mapema na mkulima akala kwa kuchelewa, kwa sababu mkulima alikuwa na shamba la kumaliza na mwenye cheo hakuwa na kitu cha kumngoja. Miaka 250 baadaye mpangilio ulikuwa umegeuka, mkulima akila mchana na mwenye cheo akila usiku. Kwa hiyo ubora haukuwa katika kuwahi wala katika kuchelewa, bali ulikuwa katika kutofanana na mtu wa kazi, na saa ya meza ilikuwa njia rahisi ya kuionyesha tofauti hiyo kila siku bila kusema neno.

Katika karne ya 17 saa sita mchana ndiyo iliyokuwa saa ya mji. Samuel Pepys, ofisa wa Bodi ya Jeshi la Majini ambaye shajara yake ya miaka ya 1660 hadi 1669 ni hazina ya mambo madogo madogo ya London, alifanya kazi asubuhi, akala adhuhuri nyumbani kwake, kwa rafiki au katika mkahawa, kisha akarudi ofisini au akaenda kutazama tamthilia. Kila mwaka alifanya karamu ya kukumbuka siku ya Machi 1658 ambapo alipasuliwa kibofu, likatolewa jiwe, naye akapona, jambo ambalo kwa upasuaji wa wakati ule halikuwa dogo. Karamu ya mwaka 1663 iliangukia tarehe 4 Aprili, na Pepys aliandika kila kilichowekwa mezani: mchuzi mzito wa sungura na kuku, mguu wa kondoo wa kuchemsha, samaki watatu wa maji baridi katika sahani moja, ubavu wa mwanakondoo, njiwa wa kuoka, kambakoche wanne, maandazi matatu yenye matunda ndani, mkate wa samaki aina ya mkunga, na sahani ya dagaa wa chumvi, pamoja na divai za namna kadhaa. Alijivuna hasa kwamba vyote vilipikwa vikapikika na mtumishi mmoja tu aliyekuwa naye wakati huo. Chakula kama hicho, ambacho kwa desturi ya zama zile kiliwekwa mezani sahani nyingi kwa pamoja ili kila mgeni ajipakulie kilicho karibu naye, kiliwezekana adhuhuri kwa sababu wageni waliona wanachokula, na mpishi aliona anachokipika, kwa mwanga usiolipiwa.

Kuanzia mwanzo wa karne ya 18 mlo ulianza kutambaa. Mwezi wa Desemba 1710 jarida la Tatler, lililoendeshwa na Richard Steele, lilitania kwamba katika umri wa mtu mmoja "dinner" ilikuwa imesogea kutoka saa sita hadi saa tisa alasiri, na kwamba hakuna ajuaye itakakotua. Vyuo vya Oxford vilichelewa kufuata, kama ilivyo kawaida ya vyuo, ila navyo vilifuata. Katika miaka ya 1720 mwanahistoria Thomas Hearne aliandika kwa uchungu kwamba ukumbi wake wa St Edmund ulikuwa umeacha mlo wa saa nne asubuhi uliokuwa desturi ya Jumanne ya kabla ya Kwaresima, ukala saa sita mchana, tena bila vitumbua vilivyozoeleka siku hiyo, naye akaihesabu kuwa ni dalili ya elimu kuporomoka. Malalamiko ya Hearne yanachekesha, lakini yanathibitisha kwamba watu wa wakati huo waliliona badiliko hilo likipita mbele ya macho yao na wakalihesabu kuwa jambo la heshima na aibu, si jambo la tumbo tu.

Kilichoipa safari hii nguvu yake ni bei ya mwanga. Mtu anayekula saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, katika nchi ambayo mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, anakula gizani asipokuwa na mishumaa. Na mishumaa nchini Uingereza ilitozwa kodi kuanzia mwaka 1709 mpaka mwaka 1831, ile ya nta ya nyuki ikitozwa mara kadhaa zaidi ya ile ya shahamu, yaani mafuta mazito ya ng'ombe na kondoo, ambayo ilitoa moshi na harufu. Maskini walitumia kitu kingine kabisa. Kasisi Gilbert White wa kijiji cha Selborne, katika kitabu chake cha mwaka 1789 kuhusu viumbe na mazingira ya kijiji hicho, alieleza jinsi wanawake na watoto walivyokata matete membamba ya kinamasini wakati wa kiangazi, wakayaloweka, wakayamenya gome na kubakiza ukanda mmoja mwembamba wa kushikilia kiini, wakayaanika, kisha wakayachovya katika mafuta yaliyobaki ya nyama ya nguruwe. White alichukua saa akapima: tete moja zuri lenye urefu wa sentimita 72 hivi liliwaka dakika 57. Familia iliyopimiwa jioni yake kwa tete la dakika 57 haikuweza kuandaa mlo mkuu usiku hata kama ingetaka, na hapo ndipo inapoonekana maana halisi ya meza ya saa kumi na mbili iliyozungukwa na mishumaa ya nta: mwenyeji aliwaonyesha wageni kwamba kwake jua halina amri.

Mlo uliposogea uliburuta mambo mengine. Kwa Waingereza wa tabaka la juu neno "morning", ambalo kila mwanafunzi hujifunza kuwa ni asubuhi, lilimaanisha muda wote kabla ya mlo mkuu, hata kama mlo huo ni wa jioni. Kwa sababu hiyo ziara zilizoitwa za asubuhi katika riwaya za wakati huo zilifanyika saa nane au saa tisa mchana, na msomaji wa leo asiyelijua jambo hili hudhani waandishi walipotewa na hesabu. Hakuna aliyeziandika saa hizi kwa jicho kali kuliko Jane Austen. Mnamo Desemba 1798, akiwa katika nyumba ya kasisi baba yake huko Steventon, alimwandikia dada yake Cassandra, ambaye alikuwa akikaa na kaka yao tajiri katika jumba la Godmersham, kwamba wao wanakula saa tisa na nusu alasiri na bila shaka humaliza kabla wenzao hawajaanza, akaongeza kwa utani kwamba anahofia kudharauliwa. Miaka kumi baadaye, akiwa Southampton, familia hiyo hiyo ilikuwa haili kabla ya saa kumi na moja jioni. Katika riwaya yake ya mwaka 1813, Pride and Prejudice, matajiri wa jumba la Netherfield wanakaa mezani saa kumi na mbili na nusu jioni, baada ya wanawake kutumia saa moja na nusu wakivaa.

Tukio linaloeleza zaidi limo katika riwaya ambayo Austen aliianza karibu na mwaka 1804 akaiacha bila kuimaliza, The Watsons. Dada wawili wa familia isiyo na mali wanatembelewa ghafla na lodi kijana na rafiki yake. Ikiwa imebaki dakika chache kufika saa tisa alasiri, mtumishi anaingia na sinia na sanduku la visu ili atandike meza, na papo hapo wageni wanabisha mlangoni. Dada mkubwa anajieleza kwamba wao hufuata saa za mapema. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyeiba, na chakula chenyewe hakikuwa kibaya. Lakini visu vile vimeshasema mbele ya lodi kipato cha nyumba, idadi ya watumishi na matarajio ya wasichana ya kuolewa.

Kadiri mlo mkuu ulivyokwenda mbali na asubuhi, shimo lilifunguka katikati ya mchana, nalo lilijazwa na kitu ambacho mwanzoni hakikuwa mlo. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inalieleza neno "lunch", pamoja na umbo lake refu "luncheon", kuwa ni kiasi cha chakula kinachoenea mkononi, maana yake kipande cha mkate au jibini cha kumsogeza mtu mbele; karibu nalo lilikuwepo neno la zamani zaidi, "nuncheon", ambalo awali lilikuwa kinywaji cha adhuhuri. Wanawake wa tabaka la juu, waliobaki nyumbani wakati waume zao wako katika shughuli, ndio waliokikuza kipande hicho cha mkate kikawa nyama baridi, kisha matunda, kisha meza iliyotandikwa. Hata hivyo kutoka "luncheon" ya saa saba hadi "dinner" ya saa mbili usiku ni mbali, na huelezwa kwamba mnamo mwaka 1840 Anna, mke wa Duke wa saba wa Bedford, aliyekuwa akilegea kila alasiri, alianza kuagiza chai na mkate wa siagi chumbani mwake saa kumi na moja, kisha akawaita rafiki zake, na desturi ya chai ya jioni ikaenea kutoka kwake. Hadithi hiyo inampa mtu mmoja sifa nyingi mno, kwa kuwa chai baada ya chakula ilikuwapo kitambo, kama barua za Austen zinavyoonyesha; jambo la hakika ni kwamba chai ilihama kutoka nyuma ya mlo mkuu ikaja mbele yake.

Karne ya 19 iliondoa vizuizi vilivyobaki. Gesi ya makaa ya mawe ilionyeshwa katika barabara ya Pall Mall mwaka 1807, kampuni ya kwanza ya kuisambaza London ilipata hati yake mwaka 1812, na daraja la Westminster liliwashwa taa zake siku ya mwisho ya mwaka 1813. Wakati huo huo watu wa tabaka la kati waliacha kuishi juu ya maduka na ofisi zao. Basi la kukokotwa na farasi lililoanzishwa na George Shillibeer mwaka 1829, na reli ya London kwenda Greenwich iliyofunguliwa mwaka 1836, ziliwawezesha kuhamia vitongojini, na mwanamume aliyetoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni hakuweza tena kula na mkewe adhuhuri. Hapa palipatikana sababu ya kweli ya kula usiku ambayo haikuwa majivuno, ingawa majivuno hayakukosa kuikaribisha. Kitabu cha Isabella Beeton cha kuendesha nyumba, kilichotoka mwaka 1861 na kuuzwa nakala 60,000 katika mwaka wake wa kwanza, kiliwapangia wake wa makarani na wanasheria orodha za vyakula vya "dinner" mwezi kwa mwezi, kuanzia karamu ya watu 18 hadi mlo wa kawaida wa familia, na wengi walionunua kitabu hicho hawakuwahi kuketisha watu 18 maishani mwao.

Mlo wenyewe uligeuka sherehe yenye kanuni. Utaratibu wa zamani wa kujaza meza kwa sahani nyingi uliachwa katikati ya karne, na badala yake ukaja ule ulioitwa wa Kirusi, ambapo chakula kiliwekwa pembeni na watumishi wakakizungusha kimoja baada ya kingine, supu ikitangulia, samaki akafuata, kisha nyama, kisha vitamu. Utaratibu huo ulitaka watumishi wengi, visu na uma nyingi na wageni wenye subira, nao ulizifaa nyumba ambazo zilitaka jambo hilo lionekane. Wageni waliingia chumba cha kulia wawili wawili kwa kufuata vyeo, mwenyeji akitangulia na mwanamke mwenye daraja ya juu kuliko wote. Baada ya vitamu wanawake waliinuka wakaenda sebuleni, wanaume wakabaki na mvinyo mzito wa Ureno na siasa. Mavazi yalikuwa ya usiku, na koti fupi lisilo na mkia ambalo Waingereza huliita "dinner jacket" hadi leo lilianza katika miaka ya 1860 kama vazi la starehe la Mwanamfalme Edward, aliyechoka na koti refu.

Wafanyakazi hawakuyafuata haya, na hawakuwa na sababu ya kuyafuata. Mtu aliyeingia kiwandani alfajiri alihitaji chakula kizito mchana, na kengele ya kiwanda ikawa ndiyo inayotangaza "dinner" badala ya jua. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1833 iliwalazimisha wenye viwanda vya nguo kuwapa vijana wasiopungua saa moja na nusu kwa siku kwa ajili ya milo. Jioni walikula kitu walichokiita "tea", ambacho si chai na biskuti za mke wa Duke, bali ni mkate, viazi, samaki wa moshi au nyama iliyobaki, pamoja na chai nzito yenye sukari, vyote mezani kwa wakati mmoja. Jumapili ndiyo siku ambayo familia hizi zilipata mlo mkuu kamili, nao uliliwa baada ya ibada, mapema alasiri. Nyumba nyingi za mijini hazikuwa na joko la kuokea, kwa hiyo nyama ilipelekwa kwa mwoka mikate, ambaye joko lake lilikuwa bado na moto, nayo ikachukuliwa imeiva kwa senti chache. Wasomaji wa hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens ya mwaka 1843 watakumbuka kwamba bata bukini wa familia ya Cratchit aliokwa huko, na watoto wakamtambua kwa harufu wakiwa nje ya duka.

Sikukuu, kwa jumla, ndizo zilizohifadhi saa ya zamani, hata kwa wale walioiacha siku za kazi. Mlo wa Krismasi wa Waingereza huitwa "dinner" na huliwa mchana, na tangu Mfalme George wa Tano alipotoa hotuba ya kwanza ya Krismasi redioni mwaka 1932, saa tisa alasiri, nyumba nyingi zimejaribu kumaliza kula kabla ya hotuba. Wamarekani nao hukaa kwenye mlo wao wa siku ya Shukrani alasiri, na mashambani kwao, hasa majimbo ya kusini na ya kati, "dinner" ya adhuhuri iliendelea hadi karne ya 20. Wafaransa waliokuwa na neno hili hili walipita njia hiyo hiyo: Paris iliusukuma mlo wa "dîner" hadi usiku na kuyasogeza majina mengine yote hatua moja, lakini Ubelgiji, Uswisi na Quebec zilibaki na mpango wa zamani, na mpaka leo Mfaransa aliyealikwa "dîner" huko hulazimika kuuliza kama ni ya mchana au ya usiku.

Dola ya Uingereza iliingilia suala hili bila kukusudia kwa kupitia shule. Sheria ya mwaka 1906 iliziruhusu serikali za mitaa kuwalisha watoto wenye njaa shuleni, na sheria ya elimu ya mwaka 1944 ikaufanya ulishaji huo kuwa wajibu. Na kwa kuwa waliolishwa mwanzoni walikuwa watoto wa wafanyakazi, chakula hicho cha mchana kiliitwa kwa jina la kwao, "school dinner", wapishi na wapakuaji wake wakaitwa "dinner ladies", na ada yake ikaitwa "dinner money". Majina hayo yalishika mizizi hata kwa watoto ambao nyumbani kwao "dinner" ni ya usiku, nao hukua wakilitumia neno moja kwa maana mbili kwa siku moja bila kuchanganyikiwa.

Tofauti hii ilipata hati yake ya kitaaluma mwaka 1954, pale Alan Ross, profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, alipochapisha katika jarida moja la Helsinki makala kuhusu alama za tabaka katika Kiingereza cha wakati wake. Ross alisema kwamba watu wa tabaka la juu hula "lunch" mchana na "dinner" jioni, na wengine wote hula "dinner" mchana, kisha akaongeza, kwa uso mkavu, kwamba watoto na mbwa wa tabaka la juu nao hula "dinner" mchana. Makala hiyo ingebaki katika rafu za wanaisimu kama mwandishi Nancy Mitford asingeichukua mwaka 1955 na kuipeleka kwa wasomaji wa kawaida, na kitabu alichokihariri mwaka 1956, Noblesse Oblige, kiliwafanya Waingereza wengi wa tabaka la kati kuchunguza kila neno walilotamka mezani. Mbwa wa Ross wanaeleza mengi kuliko hoja zake nyingine, kwa sababu wanaonyesha kwamba maana ya zamani ya mlo mkuu wa mchana haikufa hata katika majumba makubwa, bali ilishushwa hadi kwa wale ambao hakuna aliyehitaji kuwaonyesha cheo.

Afrika Mashariki iliipokea "dinner" katika umbo lake la usiku pekee, kwa kuwa waliokuja nayo walikuwa maofisa, walowezi na wenye hoteli, ambao saa zao zilikuwa za tabaka la kati na la juu. Kiswahili tayari kilikuwa na majina yanayoshikamana na nyakati, kama staftahi ya asubuhi, chamcha ya mchana na chajio ya jioni, ambayo hayawezi kuhama saa bila kupoteza maana. Kwa hiyo neno la Kiingereza halikuja kujaza pengo, lilikuja na shughuli yake mahsusi. Katika hoteli za pwani na za mbuga za wanyama ni mlo wa usiku uliokwisha kulipiwa pamoja na kitanda na kifungua kinywa. Mijini ni mtoko wa wawili au hafla ya kuchangisha fedha ambayo meza zake huuzwa. Kadi za mialiko ya hafla za aina hiyo, zikifuata mtindo wa Kiingereza, wakati mwingine huandikwa nyakati mbili mfululizo, kwa mfano saa moja na nusu kisha saa mbili, nazo huwatatiza wageni wasiozizoea: saa ya kwanza ni ya kufika na kupewa kinywaji, na ya pili ndiyo ya kukaa mezani.